Printa ya 3D isituchapie kuta, ituchapie kivuli

Chukua ofisi moja ya ghorofa ya kumi jijini Dar es Salaam, yenye kioo cha mita 8 za mraba kinachotazama magharibi. Saa kumi jioni, siku isiyo na mawingu, jua hukipiga kioo hicho kwa nguvu ya takriban wati 600 kwa kila mita ya mraba. Kioo cheupe cha kawaida hupitisha kama asilimia 80 ya joto hilo, yaani kilowati 3.8 hivi zinaingia chumbani. Kiyoyozi cha BTU 12,000, ambacho wengi wetu hununua kwa chumba cha ukubwa wa wastani, kina uwezo wa kuondoa kilowati 3.5. Kwa hiyo hujahesabu bado watu walioketi humo, kompyuta zao wala joto linalopenya ukutani, na tayari dirisha limekishinda kiyoyozi. Hesabu hii ni ya darasa la fizikia la sekondari, lakini majengo ya vioo yanazidi kuota Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi kana kwamba hakuna aliyewahi kuipiga.

Gharama yake tunaiona tunaponunua umeme wa LUKU, na dunia nzima inaiona kwenye mitambo ya kufua umeme. Shirika la Kimataifa la Nishati lilieleza mwaka 2018 kwamba viyoyozi na feni vilikuwa vinatumia karibu asilimia 10 ya umeme wote duniani, na kwamba idadi ya viyoyozi ingeweza kupanda kutoka bilioni 1.6 hadi bilioni 5.6 ifikapo mwaka 2050. Nyongeza kubwa itatoka katika nchi za joto ambazo watu wake ndio kwanza wanaanza kumudu kununua mashine hizo. Ndiyo maana wahandisi na wasanifu majengo wamehamishia macho kwenye uso wa nje wa jengo, mahali ambapo joto linaweza kuzuiwa kabla halijaingia. Wanatuletea mambo mawili yanayosifiwa sana: nyenzo janja, yaani zile zinazobadilika zenyewe kufuatana na joto, mwanga au unyevu, na uchapaji wa 3D, ambao hujenga kitu kwa kupanga tabaka juu ya tabaka. Yote mawili yana faida. Hoja yangu ni kwamba kwa pwani yetu tunaelekea kuyapokea kichwa chini miguu juu. Tunavutiwa na nyuso zinazojisogeza na nyumba zinazochapwa kwa saa chache, wakati kitu tunachokihitaji zaidi ni kivuli kilichokaa mahali pake, kilichopimwa vizuri na kutengenezwa kwa bei ya fundi wa kawaida.

Tuanze na nyuso zinazojisogeza, kwa kuwa mfano wake maarufu kuliko yote uko Ghuba, karibu na yalikotoka mengi ya mapambo ya nyumba zetu za kale. Minara ya Al Bahr mjini Abu Dhabi, iliyokamilika mwaka 2012, ina urefu wa karibu mita 145 kila mmoja. Nje ya vioo vyake wasanifu wa Aedas na wahandisi wa Arup walisimamisha namna ya kisasa ya mashrabiya, kimia cha Kiarabu cha kuzuia jua: zaidi ya miavuli 1,000 ya pembetatu kwa kila mnara, inayofunguka na kukunjika kwa amri ya kompyuta kadiri jua linavyozunguka. Makadirio ya wabunifu yalikuwa kwamba joto la jua linaloingia ndani lingepungua kwa nusu. Ni kazi ya kupendeza. Lakini kila mwavuli una mtambo wake wa kuusukuma, na kila mtambo unahitaji umeme, grisi, vipuri na mtu wa kuning'inia nje ya ghorofa ya ishirini siku unapogoma. Paris walijifunza hilo mapema. Jengo la Institut du Monde Arabe, alilolibuni Jean Nouvel na wenzake na kufunguliwa mwaka 1987, lina paneli 240 upande wa kusini zenye matundu yanayojibana na kujifungua kama lenzi ya kamera. Matundu mengi yalikwama na kubaki hivyo kwa miaka kabla ya ukarabati. Ikiwa Paris, yenye fedha na mafundi wa kila aina, ilishindwa kuyafanya yasikwame, sisi ambao lifti ikiharibika hukaa miezi tukisubiri kifaa kutoka ng'ambo tuwe na tahadhari.

Wanasayansi wameliona tatizo hilo, na jibu lao ni kuiondoa mota na kuliachia umbile la nyenzo lifanye kazi. Mfano rahisi kila nyumba inao. Fungua pasi ya umeme utakuta kibati chembamba kilichounganishwa kwa metali mbili. Moja hutanuka kwa joto kuliko nyingine, hivyo pasi ikichemka kibati hujikunja na kukata umeme. Msanifu Doris Sung alitumia kanuni hiyo hiyo mjini Los Angeles, akajenga banda liitwalo Bloom kwa vipande kama 14,000 vya bati la namna hiyo, vilivyojikunja jua lilipovipiga. Huko Ujerumani, watafiti wa vyuo vikuu vya Stuttgart na Freiburg wamekwenda mbali zaidi. Kwa printa ya 3D ya kawaida walichapa vipande vya selulosi, nyuzinyuzi zile zile zilizomo ndani ya mti, katika tabaka mbili zinazovimba kwa viwango tofauti zinapopata unyevu. Waliigiza tunda la msonobari, ambalo magamba yake hujifunga kukiwa na unyevu na kujifungua kukikauka. Vipande 424 wakavipanga kwenye dirisha la paa la jengo moja mjini Freiburg, na mwaka 2024 wakachapisha matokeo katika jarida la Nature Communications. Majira ya baridi, hewa inapokuwa na unyevu mwingi, vipande hujikunja na kuruhusu jua liingie lipashe chumba. Majira ya joto hewa ikikauka hunyooka na kuzuia jua. Hakuna waya, hakuna kompyuta, hakuna bili.

Nauheshimu sana utafiti huo, na bado nasema hautufai kama ulivyo. Kazi yote ya dirisha la Freiburg inatokana na ukweli kwamba Mjerumani analitaka jua miezi sita na kulikimbia miezi sita. Mkazi wa Tanga au Lamu halitaki jua ndani ya chumba hata siku moja ya mwaka. Anataka mwanga na upepo. Joto la jua ni mzigo kwake Januari, na ni mzigo Julai pia. Kwa mtu wa namna hiyo, kizuizi kinachofunguka kuliruhusu jua liingie kinatatua shida ambayo hana. Zaidi ya hapo, lugha inayoeleweka na selulosi ile ni ya unyevu, na hewa yetu haisemi lugha hiyo kwa ufasaha. Freiburg baridi huandamana na unyevu na joto huandamana na ukavu. Pwani yetu hewa hukauka kiasi mchana, lakini msimu wa masika hubaki nzito kutwa kucha, na siku jua linapochomoza katikati ya mvua mbili kipande kilicholowa kingekuwa wazi saa ile ile tunayotaka kifungwe. Nyenzo hizo zinaweza kupata kazi Njombe, Makete au Limuru, kwenye asubuhi za baridi kali na mchana wa jua. Vibati vya metali mbili navyo vinaweza kufungua matundu ya hewa chini ya paa joto likizidi. Lakini kuzipandisha kwenye uso wa jengo la Dar es Salaam eti kwa sababu ni za kisasa ni kununua koti la sufu Kariakoo.

Badala yake, tuangalie jua letu linavyotembea. Dar es Salaam iko kama nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Saa sita mchana jua halishuki chini ya nyuzi 60 hivi kutoka upeo wa macho, hata mwezi Juni linapokuwa limehamia kaskazini. Ukingo wa zege wa mita 1 juu ya dirisha la upande wa kaskazini hutupa wakati huo kivuli cha mita 1.7, kiasi cha kufunika dirisha zima la kawaida. Upande wa kusini mambo ni mepesi zaidi, kwani hata Desemba jua la mchana husimama karibu nyuzi 73. Balaa liko mashariki na magharibi. Mwezi Machi, saa kumi na moja jioni, jua huwa juu kwa kama nyuzi 22 tu na limekutazama usoni. Ukingo ule ule wa mita 1 unazuia sentimita 40 za juu za dirisha, na sehemu iliyobaki yote inaungua. Mbao zilizosimamishwa wima nazo hazisaidii, kwa sababu jua linapita katikati yake moja kwa moja. Kinachosaidia ni matundu madogo yenye kina, yaliyoinamishwa chini kwa upande wa nje na kugeuzwa kidogo kuelekea kaskazini au kusini, ili jua la jioni ligonge ukuta wa tundu huku mwanga ulioakisiwa na upepo wa kusi vikipita. Kipimo cha tundu hilo kinajulikana kwa hesabu, na hakibadiliki mwaka hadi mwaka. Jua halitatushangaza. Ndiyo maana sioni haja ya kulifuatilia kwa kompyuta. Kinachotakiwa ni kulipima mara moja, vizuri, na kuliweka jibu ndani ya umbo.

Hapo ndipo printa ya 3D inapopata kazi ya maana, ingawa sivyo inavyotangazwa. Matangazo yake yote ni ya kasi. Mwaka 2021 kampuni ya 14Trees, inayohusiana na Holcim, wazalishaji wa saruji, ilichapa kuta za nyumba Malawi kwa saa 12 na za shule ya Salima kwa saa 18. Kutoka hapo ikaja Kilifi na mradi wa Mvule Gardens, wenye mpango wa nyumba 52. Dubai nako serikali imejiwekea lengo kwamba robo ya majengo mapya yatumie uchapaji wa 3D ifikapo 2030. Habari njema, ila yeyote aliyewahi kujenga anajua kwamba ukuta hauchelewi kupanda. Kinachomkwamisha mtu ni kiwanja, msingi, paa, madirisha, mabomba na fedha za kumalizia. Kuokoa siku kumi za fundi wa kujenga tofali hakuhamishi bei ya nyumba kwa kiasi ambacho mnunuzi atakisikia. Na kuna gharama nyingine ambayo haisemwi sana: mchanganyiko unaopita kwenye bomba la printa lazima uwe laini na ugande haraka, kwa hiyo kwa kawaida hutumia saruji nyingi kuliko zege la kawaida au tofali la kufyatua. Uzalishaji wa saruji unachangia takriban asilimia 8 ya hewa ukaa inayotolewa na binadamu. Ukuta wa zege uliopigwa na jua la magharibi alasiri nzima, uwe umechapwa au umejengwa, utaitoa hari hiyo chumbani saa mbili usiku watu wakiwa wanatafuta usingizi.

Kuna wanaojaribu kukwepa saruji kabisa. Mwaka 2021, huko Massa Lombarda nchini Italia, kampuni ya WASP na ofisi ya msanifu Mario Cucinella walichapa nyumba iitwayo TECLA kwa udongo wa palepale, tabaka 350, kwa saa 200. Kuta zake zina mawimbi na mapango ya hewa ndani yake ambayo fundi wa kawaida asingeyajenga kwa bei yoyote ya maana. Mfano huo unanivutia kwa sababu unaonyesha nguvu halisi ya printa: kwake umbo gumu na umbo rahisi ni gharama moja. Lakini mfano ninaouona wa karibu zaidi na shida yetu uko Brooklyn, New York, na wapita njia wengi hawajui hata kama printa ilihusika. Jengo la ghorofa la One South First liko kwenye eneo la kiwanda cha zamani cha sukari cha Domino. Wasanifu wa COOKFOX walitaka uso wa zege wenye madirisha yaliyozama ndani ya fremu zenye pembe, na pembe zibadilike kulingana na upande ambao kila uso unatazama jua, ili jengo lijitilie kivuli lenyewe. Maumbo hayo yangehitaji kalibu nyingi za mbao, na kalibu za mbao huchakaa baada ya kumiminiwa zege mara 15 hadi 20. Kampuni ya Gate Precast, ikishirikiana na maabara ya taifa ya Oak Ridge, ikachapa kalibu za plastiki iliyochanganywa na nyuzi za kaboni. Zikastahimili karibu mara 200 kila moja.

Soma tena sentensi hizo uone ni nini kilichochapwa. Ukuta haukuchapwa, ilichapwa kalibu. Zege lilikuwa zege, mafundi walikuwa mafundi, na nyenzo haikuwa na ujanja wowote wa kujisogeza. Akili yote ilikuwa kwenye umbo. Mpango huo unaweza kufanyika Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar bila kuagiza roboti la kuchapa nyumba. Jengo la ghorofa lina nyuso nne, na kila uso una jua lake. Aina nne au tano za kalibu zinatosha. Printa ya ukubwa wa meza inaweza kutoa kalibu ya tofali la matundu la sentimita 30, na kalibu hiyo ikakabidhiwa kwa wafyatuaji matofali walewale walio kando ya barabara zetu. Tofali la matundu si geni kwao. Wanalifyatua tangu zamani, isipokuwa tundu lake hutoboa moja kwa moja, na jua la saa kumi na moja hulipita bila kubisha hodi. Kuligeuza tundu hilo liiname chini na pembeni kwa pembe mbili tofauti ni kazi ngumu mno kwa seremala mwenye msumeno, na nyepesi kwa printa.

Wapo watakaosema yote haya wazee wetu waliyajua, mashine ya nini? Ni kweli waliyajua. Mji Mkongwe na Lamu zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, vichochoro vyembamba ambamo nyumba moja huitilia kivuli nyingine, na roshani za mbao zenye kimia kinachopitisha upepo na kuzuia macho. Hata baada ya uhuru, msanifu Beda Amuli alipobuni Soko la Kariakoo aliliezeka kwa maumbo ya zege kama miavuli mikubwa iliyogeuzwa, yanayotoa kivuli na kukusanya maji ya mvua. Lakini kimia cha roshani ya ghorofa ya pili kilisaidiwa na kichochoro. Jengo la ghorofa 20 lililosimama peke yake Posta au Upanga halina jirani wa kulitilia kivuli, na hakuna karakana ya useremala itakayochonga maelfu ya vimia kwa pembe sahihi, kwa mbao ambazo hatuna tena. Urithi unatupa kanuni, na kalibu inatuwezesha kuitumia mara elfu.

Wengine watasema kioo cha tinti kinatosha. Tinti hunyonya joto, kioo chenyewe kikachemka, na sehemu ya joto hilo humalizikia ndani. Halafu chumba kinakuwa giza, taa zinawashwa saa nne asubuhi. Kioo cha kuakisi humrushia jirani. Vipo vioo janja vinavyobadilika rangi kwa umeme, lakini bei yake ni kubwa hata kwa Wamarekani, na kampuni yao maarufu katika biashara hiyo, View, iliomba kinga ya kufilisika mwaka 2024. Vioo vinavyobadilika kwa joto navyo vina kikwazo chao: vanadiamu dioksidi, ambayo ndiyo hutumika sana katika utafiti huo, hubadilika ikifika nyuzi joto 68, na kuishusha hadi joto la dirisha la kawaida kunahitaji kuichanganya na madini mengine. Kivuli cha nje kinalizuia jua kabla halijagusa kioo chochote, na ukishakuwa nacho, kioo cha bei rahisi kinatosha.

Pingamizi lenye uzito ni la chumvi. Pwani chuma kilichomo ndani ya zege hupata kutu, kikavimba na kulipasua zege. Anayening'iniza vipande vya zege juu ya vichwa vya wapita njia lazima ajibu swali hilo. Jibu ni vipande vyembamba vilivyoimarishwa kwa nyuzi badala ya nondo, au vya udongo uliochomwa, vikishikiliwa na vifungo vya chuma kisichoshika kutu, na mhandisi aweke sahihi yake. Hilo litaongeza gharama, sikatai. Na kwa nyumba ya chini, ya chumba na sebule, sishauri haya yote. Huko adui mkubwa ni paa, kwa sababu jua la ikweta humwaga juu kuliko pembeni. Bati jipya linalong'aa huakisi jua lakini halitoi joto lake vizuri kwenda angani, hivyo huchemka. Rangi nyeupe hufanya yote mawili. Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani kilitangaza mwaka 2021 rangi ya salfati ya bariamu inayoakisi asilimia 98.1 ya jua. Unyevu wa hewa ya pwani huipunguzia uwezo wa kutupa joto angani, lakini kuakisi kwake hakupungui. Hata rangi nyeupe ya kawaida ya dukani, inayoakisi asilimia 80 au zaidi ikiwa safi, ni hatua kubwa kuliko bati tupu lililoshika kutu.

Kwa nini basi hatufanyi? Kwa sababu anayechagua kioo siye anayelipa umeme. Mwenye jengo analipia ujenzi mara moja na anataka jengo linalong'aa kwenye picha ya tangazo. Mpangaji ndiye anayenunua LUKU kila mwezi kwa miaka 30. Soko haliwezi kurekebisha hilo lenyewe. Singapore, ambayo iko nyuzi 1 tu kutoka ikweta na ina hewa nzito kama yetu, iliweka ukomo wa joto linaloruhusiwa kupita kwenye uso wa jengo la viyoyozi tangu mwaka 1979, na kwa kipimo kilichofuata ukomo ukawa wastani wa wati 50 kwa mita ya mraba. Mwenye jengo anaruhusiwa kutumia mbinu yoyote: kivuli, kioo, rangi, hata mashrabiya ya mota akipenda. Asipofikia kipimo, hapewi kibali.

Halmashauri zetu zinakagua michoro ya nguzo, vyoo na ngazi za dharura kabla ya kutoa kibali cha ujenzi. Ziongeze ukurasa mmoja wa hesabu ya jua. Vyuo vyetu vya ufundi vyenye printa za 3D vinavyochapia vidani na sanamu viwafundishe vijana kuchapa kalibu. Na wewe unayejenga, au unayetaka kupanga ofisi yenye ukuta wa kioo, kabla hujaweka sahihi mwombe msanifu au mwenye jengo akuonyeshe mchoro wa kivuli cha upande wa magharibi, saa kumi na moja jioni, mwezi Machi. Asipokuwa nao, teremsha bei.